Je, Wajua? Debe, Barakoa na Boza la Maji

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya inavijua vita lakini haiujui ugonjwa? Kifungu cha 102 kinaliruhusu Bunge kujiongezea muda nchi ikiwa vitani: thuluthi mbili ya wabunge wote katika kila jumba wakikubali, miezi sita kwa mkupuo mmoja, na kwa jumla isipite kumi na miwili. Kipindupindu hakimo. Korona haimo. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo sisi wa Isiolo tunaijua kuliko tunavyoijua korona, haimo pia. Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, mgonjwa awepo asiwepo.

Mlango uliobaki wazi ni mdogo na umefichwa katika Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 55B. Hapo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, inaruhusiwa kuahirisha kura katika kaunti, eneo bunge au wadi ikiwa haiwezekani kuifanya kwa sababu ya janga la asili au "dharura nyingine". Maneno mawili hayo ndiyo yote tuliyo nayo. Hayasemi ni daktari gani atakayesema kwamba haiwezekani, wala ni wagonjwa wangapi wanatosha.

Na je, wajua kwamba mlango huo ulitumika mwaka 2022 kwa jambo lisilohusiana na maradhi hata kidogo? Kura za ugavana za Mombasa na Kakamega ziliahirishwa Agosti hiyo kwa sababu karatasi za kura zilichanganywa. Ndugu zetu wa huko walisubiri hadi Agosti 29.

Machi 2020 je? Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa Machi 13. Siku nne kabla yake alikuwa amefariki Suleiman Dori, mbunge wa Msambweni kule Kwale. Katiba, kifungu cha 101, inataka uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kibaki wazi, kwa hiyo Msambweni ingekuwa imepata mbunge mpya mapema Juni. Mwezi huohuo wa Machi IEBC ikasimamisha chaguzi ndogo zote. Pamoja na Msambweni zilisubiri wadi tano: Dabaso ya Kilifi, Wundanyi/Mbale ya Taita Taveta, Kisumu North, Lake View ya Nakuru na Kahawa Wendani ya Kiambu. Watu wa Msambweni hawakupiga kura hadi Desemba 15, 2020. Siku 90 zilikuwa 281.

Aliyeshinda ni Feisal Bader, mgombea huru, kwa kura 15,251 dhidi ya 10,444 za Omar Boga wa ODM. Sijui mwanasheria yeyote aliyefurahia hesabu ya siku zile, lakini pia sijui aliyetaka watu wapange foleni Ukunda mwezi wa Juni, wakati magari yalikuwa hayaruhusiwi hata kuingia Nairobi bila kibali.

Isiolo haikuwa kwenye orodha hiyo. Hatukuwa na kiti kilichobaki wazi, na kwa hiyo hatukujaribiwa. Wengi wanahesabu hiyo kuwa bahati. Mimi naona tulikosa jaribio la kututayarisha, maana kanuni za korona ambazo IEBC ilizitunga mwaka ule zilijaribiwa Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Kisumu, Nakuru na Kiambu, mahali ambapo kituo cha kura kiko karibu na lami au karibu na bomba. Hakuna aliyezijaribu katika wadi yetu ya Cherab.

Kwani kanuni zenyewe zilisemaje? Barakoa kwa kila aingiaye kituoni. Kunawa mikono au kupaka kitakasa. Kupimwa joto mlangoni. Foleni yenye nafasi kati ya mtu na mtu. Wagombea wasije na umati siku ya kuwasilisha karatasi zao za uteuzi. Kwa maneno ni mambo mepesi, na hayahitaji kubadilisha hata herufi moja ya Katiba. Sasa yapeleke Isiolo.

Maji kwanza. Kaunti yetu ina kilomita za mraba zaidi ya 25,000, na hesabu ya watu ya 2019 ilitukuta 268,002. Hiyo ni kama watu kumi na mmoja kwa kilomita moja ya mraba. Mtu wa Nairobi akisoma hivyo atadhani kusimama mbalimbali ni jambo tulilozaliwa nalo, na kweli, kule Sericho unaweza kumwona jirani kabla hujamsikia. Lakini siku ya kura watu hao wote hukusanyika kwenye darasa moja la shule ya msingi, kwa saa zilezile, na mara nyingi shule hiyo haina maji ya kunywa, sembuse ya kunawa. Mtungi wenye mfereji utawekwa mlangoni asubuhi. Saa nne utakuwa mtupu. Wa kuujaza tena ni boza, na boza lina ratiba yake, dereva wake na dizeli yake.

Nani analipia boza hilo? Je, wajua kwamba afya ni kazi ya serikali ya kaunti, na uchaguzi ni kazi ya IEBC, chombo cha kitaifa? Jedwali la Nne la Katiba liligawa hivyo. Sabuni iliyoko kituoni ni ya afya au ni ya uchaguzi? Msinicheke. Swali la namna hiyo ndilo hukwamisha shughuli saa kumi na moja alfajiri, karani akiwa ameshafika na mtungi haujafika.

Na mtu wa kuuliza swali hilo hatukumkosa: wakati korona inaingia, gavana wa Isiolo alikuwa Dkt. Mohamed Kuti, daktari kwa taaluma, aliyewahi kuwa mbunge wa Isiolo North, waziri wa mifugo na seneta. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya afya ya Baraza la Magavana. Yaani kaunti hii ndogo kwa watu ilikuwa na kiti cha mbele katika mazungumzo ya afya ya nchi nzima.

Kipima joto nacho. Kile cha bastola, kinachoelekezwa kwenye paji la uso, husoma joto la ngozi. Mtu aliyesimama juani kwa saa mbili, au aliyetembea kutoka manyatta ya mbali, paji lake lina joto la jua kabla ya kuwa na joto la homa. Dawa yake ni kivuli na dakika chache za kupumzika kabla ya kupimwa. Hema moja la turubai lingetosha, lakini hema lazima liandikwe kwenye bajeti. Na atakayekutwa na homa kweli asirudishwe nyumbani. Korea Kusini ilipopiga kura ya wabunge Aprili 15, 2020, aliyepimwa zaidi ya nyuzi 37.5 alielekezwa kwenye kibanda cha peke yake akapiga kura yake kama mwenzake. Wapiga kura walivaa glavu za plastiki, na waliojitokeza walikuwa asilimia 66.2, kiwango ambacho uchaguzi wa wabunge nchini humo haukuwa umekifikia tangu 1992.

Vidole. Mitambo ya KIEMS humtambua mpiga kura kwa alama za vidole. Kidole chenye kitakasa ambacho hakijakauka husomeka vibaya, na kidole cha mchungaji kilichochakaa kwa kamba za ngamia na kuni husomeka vibaya hata bila kitakasa. Mtambo ukikataa, karani hutafuta jina kwa namba ya kitambulisho. Kila jaribio ni dakika, na kila dakika ni foleni kurefuka. Sheria inataka kituo kisizidi wapiga kura 700, na ukomo huo ulifika kabla ya korona, lakini korona ilipofika ukawa kinga bora kuliko stika zote za sakafuni.

Barakoa na kitambulisho? Karani lazima auone uso. Unaishusha, anakutazama, unaipandisha. Basi.

Haya, tuje kwenye jambo ambalo wengi hawapendi kuambiwa. Je, wajua kwamba foleni ya kura si mahali pa hatari kubwa? Foleni ina mstari, ina askari, ina mwanzo na mwisho. Hatari iko wiki nne kabla, kwenye mkutano wa hadhara, juu ya lori lenye vipaza sauti, watu bega kwa bega wakishangilia midomo wazi. Novemba 4, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku mikutano ya kisiasa kwa siku 60. Uchaguzi mdogo wa Msambweni uliangukia katikati ya siku hizo, na kampeni zikawa na umati uleule wa siku zote. Kanuni zilishika mlangoni pa darasa na zikalegea uwanjani.

Yaani tulilinda dakika kumi za mpiga kura tukaacha mwezi mzima wa mwanasiasa.

Lakini usikimbilie kusema mikutano ipigwe marufuku na mambo yaishe. Uganda walijaribu. Juni 2020 Tume ya Uchaguzi chini ya Jaji Simon Byabakama ilitoa ratiba mpya, kampeni zifanyike redioni, kwenye televisheni na mitandaoni. Waganda wakauita uchaguzi wa kisayansi. Baadaye mikutano midogo ikaruhusiwa, watu 70, kisha 200. Novemba 18, 2020 mgombea urais Robert Kyagulanyi, Bobi Wine, akakamatwa wilayani Luuka kwa madai ya kukiuka masharti ya korona. Katika maandamano yaliyofuata waliuawa watu wasiopungua 54. Desemba 26 kampeni zikasimamishwa kabisa Kampala na wilaya nyingine kadhaa, kwa sababu ya ugonjwa, ilisemwa. Wapinzani walikumbusha kwamba huko ndiko walikokuwa na nguvu. Kanuni ya afya mikononi mwa mwenye bunduki ni bunduki ya pili.

Na hapa kwetu kampeni ya redio ingewafikia nani? Redio inasikika mjini, na Kiborana na Kiswahili vinasikika redioni. Lakini ukifika Merti au ndani ya Oldonyiro, siasa haisikilizwi kwa betri. Husikilizwa chini ya mti. Husikilizwa siku ya soko la mifugo. Mgombea asiyeonekana hachaguliwi, na anayeonekana ametumwa na wazee. Sasa fikiria: mwaka 2020 Serikali iliwataka watumishi wa umma wenye miaka 58 na zaidi, isipokuwa wa vyeo vya juu na wa huduma muhimu, wafanyie kazi nyumbani, kwa kuwa korona iliwaua wakubwa kuliko wadogo. Baraza la wazee la kwetu Isiolo lina umri gani? Watu waliokuwa hatarini zaidi ndio waliokuwa wakikaa kikao cha kuamua nani awanie nini.

Je, wajua kwamba Kenya haikutangaza hali ya hatari hata siku moja wakati wa korona? Kifungu cha 58 cha Katiba kipo, kinaruhusu. Haikutumika. Iliyotumika ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Utulivu wa Umma iliyoleta kafyu kuanzia Machi 27, 2020 hadi Oktoba 20, 2021. Bila barakoa hadharani, faini ilifika shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita.

Uandikishaji uliumia kimyakimya. Zoezi la Oktoba 4 hadi Novemba 5, 2021 lililenga wapiga kura wapya milioni sita nchini. Walipatikana kama milioni moja na nusu. Ugonjwa haukuwa sababu pekee, vijana walikuwa na hasira zao, lakini kafyu ilikuwa ndiyo kwanza imeondolewa katikati ya zoezi lenyewe.

Agosti 9, 2022 Isiolo ilikuwa na wapiga kura 89,504 katika wadi kumi: saba za Isiolo North na tatu za Isiolo South. Barakoa za nje zilikuwa zimeondolewa Machi 11 mwaka huo. Juni 20 waziri wa afya, Mutahi Kagwe, akazirudisha ndani ya majengo na kwenye magari ya abiria, visa vilipopanda, wakati kampeni zikiwa zimepamba moto. Mtu angetegemea kila mkutano wa ndani uwe na nyuso zilizofunikwa. Haya.

Hapa kwetu siku ya kura adui aliyeonekana kwa macho alikuwa ukame. Mvua zilikuwa zimekatika msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020. Na je, wajua kwamba Jumanne ya pili ya Agosti, ambayo Katiba imeifunga, huangukia kiangazi chetu? Masika huisha Mei, vuli huanza Oktoba. Agosti vijana wako fora, kambi za mbali za mifugo, mbali na kituo walichojiandikisha. Kenya haina kura ya posta. Haina kura ya kupigiwa na ndugu yako. Unapiga pale jina lako lilipo, au hupigi. Aliyewekwa karantini na aliyeko fora wana shida moja mbele ya sheria, na hakuna hata mmoja aliyeshughulikiwa.

Homa ya Bonde la Ufa nimeitaja juu, nirudi kwake. Iligunduliwa karibu na Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hubebwa na mbu, huua ndama na wana-kondoo, hutoa mimba za mifugo, na humpata mtu anayechinja, anayezalisha mnyama au anayekunywa maziwa mabichi. Mwisho wa 2020, korona ikiwa bado mpya, homa hii ilizuka Isiolo, upande wa Sericho na Garba Tulla, na wachungaji wakafa. Dawa ya serikali ni kufunga soko la mifugo. Kwa hesabu za siasa, soko likifungwa uwanja wa kampeni nao umefungwa, na hakuna kanuni ya IEBC iliyoandikwa kwa hilo.

Kuna lililokaribia zaidi. Uchaguzi mkuu wa 1997 ulifanyika Desemba 29, katika mvua za El Niño zilizokata barabara za kaskazini hadi upigaji kura ukaongezwa siku ya pili. Desemba hiyohiyo ndipo taarifa za watu kutokwa damu zilianza kutoka Garissa. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, mlipuko mkubwa kabisa kuwahi kuonekana Afrika Mashariki. Jirani zetu walipiga kura katikati ya mlipuko ambao ulikuwa haujapewa jina.

Haraka haraka, kwingineko Afrika: Burundi ilipiga kura Mei 20, 2020, waangalizi wa nje waliambiwa wakae karantini siku 14, na hivyo wangemaliza karantini kura imeshapigwa. Tanzania ilipiga Oktoba 28, 2020, miezi michache baada ya Rais Magufuli kutangaza kwamba korona imekwisha. Ethiopia iliahirisha ya Agosti 2020 hadi Juni 2021; Tigray ikakataa, ikapiga yake Septemba 9, 2020, na Novemba vita vikaanza. Liberia, wakati wa Ebola, ilisogeza kura ya maseneta kutoka Oktoba 14 hadi Desemba 20, 2014, ikaifanya kwa vipima joto na ndoo za kunawia. George Weah alishinda kiti siku hiyo.

Kisa cha kusomwa polepole ni cha Beni, mashariki mwa Kongo. Ebola ilikuwa Kivu Kaskazini tangu Agosti 2018. Kampeni ziliendelea. Kisha Desemba 26, siku nne kabla ya kura ya nchi nzima, tume ya uchaguzi ya huko, CENI, ikatangaza kwamba Beni na Butembo zitapiga Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama. Watu zaidi ya milioni moja wakaachwa nje. Kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha kuwaweka washukiwa wa Ebola mjini Beni, na wagonjwa kadhaa waliokuwa wakisubiri majibu wakatoroka. Desemba 30 wakaazi wa Beni wakapanga kura yao wenyewe, isiyohesabiwa popote: wakanawa mikono, wakapanga foleni, wakatumbukiza karatasi. Januari 24, 2019 Félix Tshisekedi akaapishwa. Machi 31 Beni ikaruhusiwa kuchagua wabunge wake, rais akiwa ameshakaa ikulu miezi miwili.

Aliyeahirisha alisema analinda afya. Siku moja baadaye wagonjwa walikuwa mitaani. Kuahirisha kunaweza kuwa sawa, Msambweni walivumilia miezi tisa bila kuvunja kioo, lakini kutangazwe mapema, kuwahusu wote wanaoshindana, na kuwe na tarehe ambayo haitapokonya kura maana yake.

Je, wajua kwamba uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027? Uandikishaji wa wapiga kura ulianza tena Septemba 29, 2025 katika ofisi za IEBC za maeneo bunge, za kwetu zikiwemo. Nenda, nenda na kijana aliye fora akirudi kuuza mbuzi. Na IEBC itakapoita kikao cha wadau Isiolo, inua mkono uulize mambo haya kabla hawajafika kwenye chai: maji ya kituo cha Cherab yatatoka wapi, soko likifungwa kwa homa ya mifugo kampeni itafanyikia wapi, na boza litalipwa na nani. Uombe jibu la maandishi.